Haki ya Kipuri
Husemwa kwamba mnunuzi wa drili kuukuu asidai dhamana. Sawa, chombo kilichochakaa hakiwezi kudhaminiwa kama kipya. Lakini kipuri je? Makaa ya mota ni vipande viwili vidogo vinavyolika kwa kusuguana. Vikiisha, drili hulala ingawa mota ni nzima. Fundi wa Katwe, Kampala, akikosa makaa yake, huchonga ya mashine nyingine kwa msasa mpaka yaingie. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa mashine za kufulia kutoa vipuri miaka 10 baada ya kuuza ya mwisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iweke sheria kama hiyo kwa zana za mafundi: anayetaka kuuza drili kwetu, auze na makaa yake.