Malori Makuukuu ya Kenyenya: Yatupwe au Yatunzwe?

Kila itokeapo ajali kubwa ya lori katika nchi hii, husikika sauti ile ile ikidai kwamba magari makuukuu yaondolewe barabarani yote mara moja. Sauti hiyo ina haki yake, maana damu ya watu si maji. Lakini mtu akitaka kujua uamuzi wa namna hiyo utamgusa nani hasa, asiishie Nairobi au Mombasa. Na apande hadi milima ya Gusii, apite Ogembo, afike Kenyenya, karibu na mpaka wa Transmara, akatazame ni nani anayebeba mizigo ya wananchi.

Mimi nimetazama, na niliyoyaona yamenifanya nisite kujiunga na wale wasemao "yatupwe yote". Vile vile yamenifanya nisikubaliane na wale wasemao "yaachwe kama yalivyo". Naomba msomaji anivumilie nieleze sababu zangu.

RELI HAIKUPANDA

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikupanda milima ya Gusii hata siku moja. Katika enzi za ukoloni mazao ya huko yalikuwa yakiteremshwa hadi Kendu Bay, yakapakiwa katika meli za ziwani na kupelekwa Kisumu, ndipo yakaonana na garimoshi. Waafrika wa Gusii waliporuhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, na baadaye chai ilipoenea chini ya shirika la KTDA, lililoundwa mwaka 1964, chombo kilichounganisha shamba na dunia kilikuwa ni lori. Kwa Mgusii, basi, lori ndilo lililokuwa reli.

Serikali ya kikoloni haikulipenda sana lori. Tangu miaka ya 1930 iliyalinda mapato ya reli kwa sheria za leseni za uchukuzi, na Mwafrika aliyetaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo alikuta milango mingi imefungwa. Ndiyo sababu mtu wa kwanza kumiliki lori katika kijiji hakuhesabiwa kuwa amenunua chuma tu. Alikuwa amenunua heshima, na jina lake lilitajwa pamoja na lori lake.

Ukizungumza na wazee juu ya malori ya zamani, gari litakalotajwa mapema ni Bedford. Gari hilo lilianza kuundwa Uingereza mwaka 1931 na kampuni ya Vauxhall, iliyokuwa mali ya General Motors ya Marekani. Lilipendwa kwa sababu halikuwa na siri. Fundi mwenye spana chache, nyundo na akili timamu aliweza kulifungua chini ya mwembe na kulifunga tena kabla jua halijatua. General Motors iliuza kiwanda chake cha malori hayo huko Dunstable mwaka 1987, na leo Bedford haiundwi tena kule ilikozaliwa.

Wakati huo Kenya nayo ilikwisha kuanza kuunganisha magari yake. Kiwanda cha Leyland kilijengwa Thika katika miaka ya 1970, na General Motors ikaanza kazi Nairobi mwaka 1977. Kutoka hapo ndipo jina la Isuzu lilipoenea vijijini hata likawa kama jina la lori lenyewe. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake, na kampuni ile ikaitwa Isuzu East Africa. Leo Isuzu na Mitsubishi Fuso ndizo zijazazo barabara za Kisii. Hata hivyo, mara moja moja utaona lori lenye nambari isiyo na herufi mwishoni, yaani lililosajiliwa kabla ya mtindo wa nambari kubadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, likipanda mlima polepole likiwa na mchanga, matofali au ndizi. Lori kama hilo ni mzee kuliko dereva wake, na pengine ni mzee kuliko mwenyewe pia.

SHAMBA LENYE MAGURUDUMU

Kwa nini watu hung'ang'ania chuma cha miaka hamsini? Wengine hujibu upesi kwamba ni umaskini. Naona jibu hilo ni fupi mno.

Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860. Ukigawanya hesabu hiyo kwa ukubwa wa kaunti, utapata watu zaidi ya 950 katika kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, na mwana kwa mjukuu, hata wengine wamebaki na kipande cha kujengea nyumba na kupanda mistari michache ya chai. Kijana wa namna hiyo hawezi kutajirika kwa jembe. Lakini akishirikiana na ndugu zake wawili wakapata lori kuukuu, watakuwa wamepata shamba lenye magurudumu. Litawalisha wao, dereva, utingo, fundi wa springi, mchomeaji vyuma, mziba tairi, na mama auzaye chai na mandazi pale linapopakia.

Tena kazi yenyewe haitaki gari la fahari. Jabali la sabuni la Tabaka, ambalo vinyago vyake vinauzwa hadi Ulaya na Marekani, hutoka machimboni likiwa zito na lenye ncha. Miwa ya Transmara huchukuliwa kutoka mashamba yenye matope hadi viwandani. Mchanga, kokoto na matofali huenda mwendo mfupi, mlima kwa mlima, katika njia ambazo mwenye lori jipya la mkopo hapendi kuziingia. Majani ya chai nayo hayangoji. Yakishachumwa yanapaswa kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo yatapata joto ndani ya magunia, yageuke rangi, na mkulima apoteze jasho lake. Mvua ikinyesha na njia zikiharibika, ndipo thamani ya lori lolote linaloweza kutambaa huonekana.

Kuna jambo jingine ambalo wakuu wa mipango hawalitii katika hesabu zao, nalo ni utamaduni. Mbao za lori huchongwa na seremala wa hapo hapo. Maandishi yake, yawe ni aya ya Biblia, methali au jina la mtoto wa kwanza, huandikwa na mchoraji wa hapo hapo. Watoto hulijua kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Utingo hujifunza udereva kwa macho miaka mingi kabla hajaruhusiwa kushika usukani. Hii ni shule, ijapokuwa haina ubao wala chaki.

SPRINGI ZIMEONGEZWA, BREKI JE?

Hapo ndipo sifa zinapokoma, kwa maana ukweli haugawanywi nusu nusu.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia watu na magari kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Wengi wao walikuwa ni wananchi waliokuwa wakiuza na kununua, au wakingoja gari la kurudi nyumbani. Baada ya msiba ule serikali ilisema kwamba wachuuzi wahamishwe kutoka kando za barabara kuu. Sasa mtu na ajiulize: ni masoko mangapi ya Gusii ambayo biashara yake humwagika hadi ukingoni mwa lami, tena mahali ambapo mlima unaishia? Mteremko na soko vikikutana, lori lisilo na breki huwa ni bunduki iliyojazwa risasi.

Ubaya mkubwa, kwa maoni yangu, hautokani na umri peke yake. Unatokana na desturi moja. Mwenye lori akitaka kubeba zaidi humwendea fundi, naye humwongezea majani ya springi. Gari husimama wima, na mzigo wa tani saba hugeuka kuwa kumi au zaidi. Lakini je, breki nazo zimeongezwa? La. Breki hubaki zile zile zilizopimwa kiwandani kwa mzigo wa kwanza. Katika mteremko mrefu, breki za ngoma hupata joto kadiri zinavyokanyagwa, na zikishapata joto kupita kiasi hupoteza nguvu. Dereva hukanyaga, na gari halisikii. Magari mengi makubwa ya siku hizi yana breki za upepo zenye springi ambazo hujifunga zenyewe upepo ukiisha. Malori mengi ya kale hayana rehema hiyo.

Juu ya hayo kuna tabia ya kutoa gia katika mteremko ili kuokoa mafuta. Dereva afanyaye hivyo huwa ameitupa silaha yake iliyo bora, maana injini katika gia ndogo ndiyo breki ya kwanza ya mlimani. Shilingi anazookoa katika dizeli hazitoshi kununua hata jeneza moja.

BARABARA NI YA NANI?

Mzigo wa kupita kiasi hauui watu tu, huua na barabara. Sheria ya udhibiti wa mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 juu ya ekseli ya usukani, na tani 10 juu ya ekseli moja yenye magurudumu manne. Wengine hudhani kwamba kuzidisha tani tatu ni dhambi ndogo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Maana yake ni kwamba ekseli yenye tani 13 badala ya 10 huiumiza barabara karibu mara tatu. Ikifikishwa tani 20, huiumiza mara kumi na sita.

Basi faida ya safari ile humwendea mtu mmoja, na gharama hulipwa na wote: mkulima wa chai ambaye lori lake limekwama, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, na mlipa kodi asiyekuwa na hata baiskeli. Mizani za serikali hukaa katika barabara kuu. Huku ndani, mizani iliyopo ni dhamiri ya mwenye lori, na dhamiri hiyo mara nyingi hupimwa na njaa.

NINI KIFANYWE?

Sioni kwamba dawa ni kuyafagia malori yote ya kale kwa siku moja. Kufanya hivyo ni kuwapokonya ndugu watatu wa Kenyenya shamba lao na kumkabidhi kazi tajiri wa mbali mwenye magari mia. Tena kijana aliyenyang'anywa lori hatakaa bure, na si kila kazi atakayoitafuta itakuwa ya halali.

Kwanza, ukaguzi uwe ni wa breki, usukani na tairi, wala usiwe wa rangi na mwaka wa kuzaliwa. Lori la mwaka 1975 lenye breki nzima ni salama kuliko la mwaka 2015 lisilo nazo. Mkaguzi anayepitisha gari bila kuliingia uvunguni afahamu kwamba amewatia sahihi maiti.

Pili, yeyote anayeongeza springi alazimishwe kuthibitisha uwezo wa breki na ekseli, au sivyo arudishe mzigo kwenye kipimo chake. Hapa vyuo vya ufundi vya kaunti vina kazi kubwa. Mafundi wa jua kali wana mikono hodari, na wakipewa mafunzo ya majuma machache na vyombo vya kupimia, watakuwa askari wa usalama kuliko askari mwenyewe.

Tatu, kaunti iyahamishe masoko kutoka miguuni mwa miteremko kabla msiba haujafika, wala si baada ya mazishi. Lakini wachuuzi waonyeshwe mahali pa kwenda penye maji, choo na wateja, maana hakuna atakayehamia porini.

Nne, wanunuzi wa mizigo, yaani viwanda na wajenzi, wakatae kupokea shehena iliyozidi. Mwenye lori hubeba kupita kiasi kwa kuwa kuna anayemlipa afanye hivyo.

Na yale ambayo kwa kweli yamechoka, yasiishie yote katika tanuru la chuma chakavu. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, ambako garimoshi za kale hutunzwa na watoto wa shule hupelekwa kuzitazama. Watu ambao reli haikuwafikia nao wana historia. Bedford moja tu, iliyosafishwa na kuwekwa uwanjani pamoja na majina ya kazi ilizozifanya, ingewafundisha wajukuu jinsi kahawa na chai za babu zao zilivyoteremka milimani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Kenyenya tunauona sote: uko katika breki, katika mzigo, na katika soko lililo kando ya lami. Wenye malori, wakaguzi na wakuu wa kaunti wakikaa meza moja na kuuziba sasa, itakuwa ni nafuu kuliko ukuta ambao tungeujenga kwa mbao za majeneza.