Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: Mlevi Ni Mgonjwa Wako

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, wala si mwenzako wa Usalama wa Ndani, ingawa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iko chini ya wizara yake. Kuwekwa huko kunaonyesha tumemkabidhi mlevi kwa nani: kwa wenye pingu.

Fikiria mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akakamatwa Ijumaa jioni. Katiba inaruhusu afikishwe kortini siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu. Kabla ya Jumamosi kuisha, mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Kifafa chaweza kumwangusha humo seli. Kufikia Jumapili au Jumatatu wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio. Asiyetibiwa aweza kufa. Askari wa zamu hakufundishwa kuyatambua haya. Ataona ukaidi au wazimu. Na tiba yenyewe si ya ajabu: diazepamu, vitamini B1, maji ya kutosha na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha. Hospitali ya kaunti inaweza. Seli haiwezi.

Sasa tazama sheria. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 kinampa anayekutwa hadharani amelewa hadi hajiwezi au anafanya fujo faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Akipatikana na hatia zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja, ndipo hakimu humwamuru akatibiwe katika hospitali ya umma, kwa gharama yake mwenyewe. Mtu aliyekwisha kuuza hata godoro la watoto atalipa nini? Na kwa nini tiba ingoje hukumu zote hizo? Sheria yetu ya Afya ya Akili, kwa upande wake, inamhesabu aliyevurugwa akili na pombe kuwa mgonjwa. Mtu ni yuleyule.

Hofu ya polisi inaua kwa njia nyingine pia. Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu Kirinyaga. Mwaka 2000 iliua zaidi ya mia moja Nairobi, wengi wao wakazi wa Mukuru. Methanoli, sumu ya pombe za namna hiyo, haionyeshi ukali wake mara moja. Saa kadhaa hupita kabla macho hayajaanza kuona ukungu, na mgonjwa anayewahi hospitali katika saa hizo anaweza kuokolewa, hata macho yake yakapona. Anayejificha ndani kwa kuogopa msako huamka kipofu, au haamki.

Sisemi wauzaji waachwe. Anayechanganya methanoli auze ni muuaji, na polisi wamwandame bila huruma. Wala sisemi dereva mlevi asamehewe. Nasema juu ya yule aliyelala mtaroni, ambaye kosa lake ni maradhi yake.

Nakuomba mambo matatu. Peleka Bungeni marekebisho ya kifungu cha 33, ili mlevi aokotwe na kupelekwa hospitali, si kituoni, na yale maneno “kwa gharama yake” yafutwe. Kila hospitali ya kaunti itenge vitanda vya kuwaachisha watu pombe. Na utangaze waziwazi, redioni na kwa lugha zetu zote, kwamba aliyekunywa sumu akija hospitali hataulizwa alinywea wapi ili akamatwe. Hili la mwisho halihitaji Bunge. Lifanye wiki hii.

Mwananchi,
Nairobi