Baba Hakuwa Mnene

Baba yangu hakuwa mnene. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani Kiloleli, wilaya ya Busega, kuna watoto watano wanaoamini kwamba babu yao alikuwa mtu wa mashavu, mwenye mabega ya mbeba magunia na ngozi nyekundu kama tofali la kuchoma. Hawakuwahi kumwona. Alifariki kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, tulipokuwa bado watu wa Magu, mkoa wa Mwanza. Wanachokijua ni video ya harusi ya dada yetu, iliyopigwa kwa kamera ya kanda, ikahamishiwa kwenye CD, kisha kwenye flashi, na sasa huonyeshwa kila sikukuu kwenye televisheni ya inchi 43 ya kaka yangu.

Televisheni hiyo inamsingizia marehemu.

Kanda za wakati ule zilikuwa za umbo la 4:3, linalokaribia mraba. Vioo vya leo ni 16:9. Picha ya zamani ikikaa kwa umbo lake, pembeni hubaki nafasi mbili nyeusi, na hapo ndipo mwenye televisheni anapohisi kapunjwa. "Mdogo wangu," kaka aliniambia, "nimelipia inchi zote. Hizo nyeusi nimnunulie nani?" Akabonyeza rimoti mpaka picha ikajaa. Imejaa kwa kuvutwa: kila kitu kimepanuka kwa theluthi moja. Sufuria za pilau zimekuwa mabeseni. Na baba, ambaye koti la kuazima lilimpwaya siku ile hata shangazi akalibana kwa pini mgongoni, sasa amelijaza koti la watu.

Uwekundu nao una asili yake. Televisheni nyingi zikiwashwa mara ya kwanza huuliza kama ziko nyumbani au dukani, nasi hubonyeza chochote ili swali liondoke. Ukikosea, umeishia kwenye picha ya dukani, ile ambayo menyu huiita Vivid au Dynamic. Imepikwa kwa ajili ya duka lenye taa nyingi, seti ishirini zimepangwa ukutani, na inayopiga kelele zaidi ndiyo inayouzwa. Nyumba ya kaka ina bati, pazia na balbu moja. Kelele ile ndani ya chumba hicho inageuza nyasi za uwanja kuwa rangi ya mafuta ya mlangoni, jezi ya Simba inavuja damu, na ngozi ya Msukuma inapoteza udongo wake.

Nakiri kwamba watu wanaipenda. Hata mimi nikiingia dukani macho hukimbilia huko. Lakini anayetia sukari katika kila chakula asiniambie anajua ladha ya mchicha.

Hollywood wamelipigania hili. Desemba 2018 Tom Cruise alitoa video akiwaomba watu wazime ule ulainishaji wa mwendo unaofanya sinema ionekane kama tamthilia ya bei rahisi. Agosti 2019 muungano wa UHD Alliance ulitangaza Filmmaker Mode, mpangilio unaoacha rangi, umbo na mwendo kama mwongozaji alivyokusudia, na waongozaji wakubwa kama Martin Scorsese na Christopher Nolan wakauunga mkono. Vizuri. Ila sinema zao zina wanasheria na nakala katika maghala. Harusi ya Kiloleli ina flashi moja na kaka mwenye rimoti.

Julai nilipokwenda, nilichukua pamba. Sisi ni watu wa Simiyu, hatuhitaji kifaa cha maabara ili kujua nyeupe ni ipi. Nikaisogeza karibu na shela la dada kwenye kioo. Shela lilikuwa la bluu, bluu ya nguo zilizozidishiwa buluu ya kufulia. Nikaingia kwenye menyu, nikachagua Movie, nikaweka joto la rangi kwenye Warm, ambako kwa kawaida ndiko karibu na kipimo cha kelvini 6500 kinachotumiwa na watengeneza picha. Kwa dakika chache chumba kizima kililalamika kwamba picha imekuwa ya njano. Nikawaambia wavumilie, macho yazoee. Sharpness ilikuwa 100. Nikaishusha karibu na sifuri, maana kipimo hicho hakiongezi undani wowote, kinachora tu ukingo mweupe kuzunguka vichwa vya watu. Nikapunguza mwanga wa kioo, na kaka, anayetegemea betri ya sola, hapo kidogo akanisikiliza: mwanga huo ndio unaokula betri kabla mpira haujaisha.

Kisha nikatazama nyuma ya seti. King'amuzi chake, ambacho hukilipia chaneli za HD, kilikuwa kimeunganishwa kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano haupitishi HD hata ukiulipia mara kumi. Waya wa HDMI ulikuwa kabatini, ndani ya mfuko wake, haujafunguliwa, "usije ukaharibika".

Mwisho nikarudisha 4:3. Nafasi nyeusi zikatokea pembeni, na katikati akasimama mzee mwembamba, mweusi, koti likimning'inia.

Mayu alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Video ile ameiona sijui mara ngapi, akipepeta mchele wake bila kuinua kichwa. Safari hii aliacha ungo. "Pini ile pale," alisema. Kweli, baba alipogeuka kumpokea mkwe, kitu kidogo kilimeta mgongoni. Mjukuu mmoja akauliza huyo ni nani.

Nilipiga simu wiki mbili baadaye. Kaka kairudisha kama ilivyokuwa. Anasema wageni waliokuja kutazama mechi waliuliza kama televisheni imeharibika, naye hakutaka aibu. Nikamwambia televisheni ni yake, lakini baba ni wetu sote. Akacheka, akampa Mayu simu. Mayu hakuzungumzia picha. Aliuliza nakuja lini.

Nakuja Krismasi. Rimoti wanifichie wakitaka. Vitufe vingine viko nyuma ya kioo, upande wa kulia, chini.