Safari Isiyohesabiwa: Wito kutoka Barabara ya Mgololo

Mtu akisimama kandokando ya barabara ya Mgololo, wilayani Mufindi, akiwa na daftari la kuhesabia vyombo vya usafiri, ukurasa wake utajaa. Ataandika malori ya magogo yanayoelekea kiwanda cha karatasi, mabasi ya abiria yaendayo Mafinga na pikipiki za bodaboda. Jioni atakuwa na hesabu ya kila kilichopita. Atakayekosekana ni mgonjwa aliyebaki nyumbani kwa kuwa hakupata chombo, au alikipata akakosa nauli. Safari yake haikufanyika, kwa hiyo haikuhesabiwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo safari yenye uzito kuliko zote, na mtu anayeweza kuihesabu ni mhudumu wa afya.

Elimu ya kuchambua mifumo ya usafiri ilipata umbo lake katika miji ya Marekani miaka ya 1950, hasa Detroit na Chicago. Wataalamu wake waliuliza maswali manne: safari ngapi huanzia mtaa huu? Huishia wapi? Wasafiri hutumia chombo gani? Hupita njia ipi? Majibu huunganishwa katika modeli, yaani picha ya kihesabu inayosaidia kukisia kitakachotokea iwapo barabara itaongezwa au basi litapunguzwa. Ni elimu yenye manufaa makubwa. Hata hivyo, ililelewa na swali la msongamano wa watu waendao kazini asubuhi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Modeli inayojengwa juu ya safari zilizofanyika haiwezi kumwona mama aliyeanza uchungu saa nane usiku na kukosa usafiri hadi alfajiri.

Sisi wa sekta ya afya nasi tuna upofu wetu. Tumezoea kupima umbali kwa kilomita. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliopangwa kutekelezwa kuanzia 2007 hadi 2017, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo lilikuwa jema. Lakini katika nyanda za juu za Mufindi kilomita hazibadiliki, ilhali dakika hubadilika. Njia ya udongo inayopitika Agosti huweza kugeuka utelezi mtupu Februari, na ukungu humpunguzia mwendo hata dereva hodari. Reli ya TAZARA inapita Mgololo, lakini treni hufuata ratiba, na kifafa cha mimba hakifuati.

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza aina tatu za ucheleweshaji unaowaua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa pili ni suala la usafiri, lakini huathiri wa kwanza pia, kwa maana familia inayojua kwamba njia haipitiki husitasita kuamua. Shirika la Afya Duniani lina programu iitwayo AccessMod, inayokadiria muda wa kufika kituoni kwa kuzingatia miinuko, aina ya njia na mwendo wa chombo. Programu hiyo hutegemea tarakimu inazopewa. Tukiiambia kwamba gari hukimbia mwendo uleule masika na kiangazi, itatuchorea ramani ya kupendeza isiyomfaa mgonjwa.

Nchi yetu tayari imeonesha kwamba usafiri ni tiba. Mfumo wa M-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, humwezesha mtu kupiga simu 115 bila malipo ili mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura atafutiwe gari la wagonjwa. Lisipopatikana, dereva wa jamii huitwa na kulipwa. Mfumo huo nao utafanya kazi vizuri zaidi ukijua njia ipi hufungwa lini.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Katika kila rufaa, tuandike saa uamuzi ulipotolewa, saa mgonjwa alipoondoka, chombo alichotumia na saa alipofika. Kisha tuandike pia walioandikiwa rufaa wasiende, pamoja na sababu. Najua wenzangu watasema kwamba rejesta za MTUHA zimetosha kuwachosha. Ni kweli. Lakini mistari hii mitano, ikikusanywa kwa mwaka mmoja, itaipa halmashauri hoja ya kuamua gari la wagonjwa likae wapi, daraja lipi litengenezwe kwanza, na wapi inafaa kujenga nyumba ya kungojea wajawazito. Modeli haijengi barabara. Humwondolea mpangaji kisingizio cha kutojua.

Nanyi wagonjwa na ndugu zao, msione haya kutueleza mlivyofika na mlivyoshindwa kufika. Mkisema “tulikosa gari”, msidhani mnatoa udhuru. Mnatupa kipimo ambacho hakuna chombo cha maabara kinachoweza kutupa, na wajibu wetu ni kukiandika.