Vigawe vya Shirika: Ngazi Isitangulie

Wako wasomaji wengi wa gazeti hili, wanafunzi kwa wazazi, ambao wakisikia herufi tatu K.D.S. hukumbuka mara moja ile ngazi ya hesabu: mstari wa kusimama, 2 upande wa kushoto, gawanya, shuka, gawanya tena, mpaka zibaki moja moja chini. Lakini ukiwauliza ngazi ile yatafuta kitu gani, wengi watanyamaza. Maoni yangu ni kwamba katika shule za msingi ngazi hufundishwa mapema mno, na jambo lenyewe hufundishwa baadaye, au pengine halifundishwi kabisa.

Ni ajabu iwe hivyo, maana jina lenyewe ni somo tosha. Watoto huchanganya kigawe na kigawo, wala siwalaumu, kwani tofauti ni herufi moja tu. Lakini Kiswahili hakikuiweka herufi hiyo ovyo. Aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Basi kinachogawanywa ni kigawe. Kwa upande wa pili, kitu cha kufunikia ni kifuniko, cha kufungulia ni ufunguo, cha kufagilia ni ufagio. Na cha kugawia ni kigawo. Hivyo 24 ni kigawe cha 6, maana yagawanyika kwa 6 bila baki, na 6 ni kigawo cha 24. Na neno shirika kila mtoto wa ufukoni mwa ziwa alijua kabla hajaenda shule: mtumbwi wa shirika si wangu peke yangu wala si wako peke yako. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliuingiza mchezo wa Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963. Lugha iliyoubeba mzigo ule haiwezi kushindwa na 6 na 8.

Neno linaloleta taabu ni kidogo. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, nikawauliza wadogo zangu wawili K.D.S. ya 6 na 8. Mmoja alijibu 2 bila kusita. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Kaka, si umesema kidogo?" Kwa kweli alikuwa na akili. Ameambiwa atafute kidogo, akaleta kidogo! Hakuna aliyemwambia kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika hakiwezi kamwe kuwa pungufu ya namba zenyewe, wala Kigawo Kikubwa cha Shirika hakiwezi kuzizidi. Hicho kinachoitwa kidogo ni 24, na hicho kinachoitwa kikubwa ndicho 2.

Sasa yafaa tuanzie wapi? Mtu atokaye Butiama na mtu atokaye Bunda, wote wakienda Musoma, njia zao huungana Makutano. Vigawe navyo vina makutano yao. Mwalimu na achore mstari mrefu mchangani, autie alama kutoka 0 mpaka 50. Mtoto mmoja aruke sita sita: 6, 12, 18, 24. Mwenzake aruke nane nane: 8, 16, 24. Darasa zima litaona wote wawili wamekanyaga 24. Waendelee, watakutana tena kwenye 48, na kama mchanga ungetosha, kwenye 72. Makutano hayo hayana mwisho, na ndiyo maana hakuna anayeuliza kilicho kikubwa kuliko vyote. Twataka lile la kwanza, lililo dogo kati ya hayo. Hapo neno kidogo limepata maana yake.

Najua walimu watasema darasa lina watoto wengi na mtihani haungoji. Ni kweli. Lakini mchanga hauna bei, na kama hakuna nafasi ya kuruka, nusu ya darasa ipige makofi kila hesabu ya tatu, na nusu nyingine kila hesabu ya nne. Kwenye 12 chumba kizima kitalia pamoja, hata aliyesinzia ataamka. Wala sisemi ngazi itupwe. Mtu akipewa 84 na 90 jibu ni 1260, na asiyetaka ngazi hapo ataruka mpaka magharibi.

Hasara huonekana huku kwetu sekondari. Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza 1/6 kujumlisha 3/8, na wako watakaokuandikia 4/14, juu kwa juu na chini kwa chini. Aliyeelewa makutano hugeuza zote ziwe za 24, 4/24 na 9/24, akapata 13/24. Tena huku lugha ya kufundishia hubadilika ikawa Kiingereza. Aliyeelewa jambo ana jina jipya tu la kujifunza. Aliyeshika ngazi peke yake hujikuta hana jambo wala jina.

Wazazi wasidhani hizi ni hesabu za ubaoni tu. Huko Marekani wako wadudu wa jamii ya nyenje ambao hukaa chini ya ardhi miaka mingi, kisha hutoka wote kwa pamoja. Kundi moja hutoka kila miaka 13, jingine kila miaka 17. Namba hizi mbili ni tasa, kwa hiyo kigawe chao kidogo cha shirika ni 13 mara 17, yaani 221. Makundi mawili ya namna hiyo yalitoka pamoja mwaka 1803, yasikutane tena mpaka mwaka 2024.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tuna wadogo zetu huko Bunda, Butiama na hapa Musoma mjini. Kila mmoja na amchukue mmoja, ampe 6 na 9, na kabla hajashika kalamu amwulize kwanza: je, jibu litakuwa zaidi ya 9, au pungufu?