Neno "mafuta" latuponza

Mwanaisimu hatarajiwi kuzungumzia leseni za malori. Hata hivyo, Benjamin Lee Whorf, mmoja wa wanaisimu mashuhuri wa karne iliyopita, alikuwa mkaguzi wa hatari za moto katika kampuni ya bima mjini Hartford, Marekani. Aliona kwamba wafanyakazi walijihadhari mno karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na yale yaliyoitwa "matupu" walivuta sigara bila hofu. Kumbe pipa lililokwisha petroli hubaki na mvuke, na mvuke ndio hulipuka upesi zaidi. Neno "tupu" ndilo lililowaponza.

Marekani ya leo humtaka dereva anayebeba shehena za hatari awe na idhini ya ziada katika leseni yake, itambulikanayo kwa herufi H. Sharti awe ametimiza miaka 21, achukuliwe alama za vidole na achunguzwe na serikali. Na tangu Februari 2022, anayeiomba kwa mara ya kwanza husomea kozi ya nadharia kwanza. Mtihani wenyewe hauhitaji usukani. Ni mtihani wa kusoma na kuelewa: hati za shehena, mabango yenye umbo la almasi, na kujua kwamba namba 1203 ni petroli. Nalo tangi lililokwisha kushusha petroli huendelea kubeba bango lake mpaka lisafishwe na mvuke uondolewe. Ni kana kwamba sheria ilimsikia Whorf.

Sisi nasi tunalo neno letu: mafuta. Mafuta ni ya kupikia, ni ya taa, ni ya kumpaka mtoto akishaogeshwa. Ndilo jina hilo hilo tunalolipa petroli. Mtu akiambiwa "mafuta yamemwagika" hukimbilia debe. Huko Sachang'wan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia baada ya lori la petroli kupinduka na watu kumiminika kuchota. Agosti 2019 msiba kama huo ukatokea Morogoro, Tanzania, ambako Kiswahili hakina mpinzani. Kwa hivyo kutafsiri maandishi ya Kiingereza yaliyo kwenye matangi hakutoshi.

Wapo watakaosema kwamba kiini ni umaskini. Sikatai. Lakini maskini huyo huyo, ukimwambia "sumu", hurudi nyuma.

Sheria ya Marekani humtaka dereva wa malori ajue Kiingereza cha kutosha kuzungumza na umma. Kwa mantiki hiyo hiyo, dereva wa petroli nchini Kenya apaswa kutahiniwa kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Atahiniwe kwa mdomo, na swali la kwanza liwe hili: lori lako limelala mtaroni, wanakijiji wanakuja na madebe; utawaambia nini? Akijibu "mafuta yamemwagika, ondokeni", arudi darasani. Nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wawaulize wanafunzi wao swali hilo hilo wiki hii, hasa katika shule zilizo kandokando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba, kisha wahesabu ni wangapi watakaotamka maneno "petroli" na "italipuka".