Viwanda vya Mazingira: Mwanakijiji Yuko Wapi?



Siku hizi twasikia wito kwamba serikali na wafanyabiashara washirikiane kukuza viwanda vinavyotunza mazingira. Hatuupingi. Sisi wa Mkange, tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, twaijua thamani ya msitu na ya maji ya Mto Wami. Lakini twajua pia yaliyotokea ng'ambo ya mto huo, na si haki kuyasahau.

Katika miaka ya 2000 kampuni ya SEKAB ya Sweden ilikuja Bagamoyo na mpango wa kulima miwa na kutengeneza ethanoli ya kuendeshea magari badala ya petroli. Eneo lililotazamiwa lilikuwa la iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, yaani RAZABA. Mwaka 2009 mradi uliuzwa kwa wenye kampuni ya EcoEnergy. Sasa sukari ikawa mbele, na ethanoli na umeme wa makapi ya miwa vikafuata. Mwaka 2013 kampuni ilipewa hati ya hekta zaidi ya 20,000, nayo serikali ikaahidiwa hisa kwa kutoa ardhi. Huo ndio ushirikiano wenyewe, na katika karatasi ulipendeza.

Mwaka 2016 hati ikafutwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ni maji ya Wami na wanyama wa Saadani. Twauliza: mto na wanyama hao hawakuwapo mwaka 2013? Kampuni ilipeleka shauri kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, Washington, na mwaka 2022 serikali iliamriwa kulipa takribani dola za Marekani milioni 165. Sehemu ya ardhi ile ilikwisha kupewa kampuni ya Bakhresa kwa kilimo cha miwa na kiwanda cha sukari.

Na wakulima na wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya ranchi? Wengi walihesabiwa wavamizi. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapandi mwembe. Hao hawakuwa na Washington ya kwenda.

RAZABA haikuwa ardhi ya kijiji. Ardhi yetu nyingi ni ya kijiji, na hapo sheria yatupa sauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka Mkutano Mkuu wa Kijiji usikilizwe kabla ardhi haijahamishwa, na isipozidi hekta 250, mkutano wenyewe ndio unaokubali au kukataa. Tukiri kwamba wengi wetu huuhudhuria mkutano huo pale tu panapogawiwa chakula cha njaa.

Basi viongozi wa jumuiya wafike mkutanoni na maswali yaliyoandikwa, na majibu yaingizwe katika muhtasari. Kampuni itachota maji kiasi gani wakati wa kiangazi? Makaburi na njia za mifugo zitabaki upande gani wa mpaka? Na mradi ukiuzwa kwa mwingine, kama mwaka 2009, ahadi walizopewa wanakijiji atazibeba nani?